Miaka minne na Mazda MX-5 ya 1992, kazini kila siku

Naanza na gari lililonishinda, maana ndilo lililonifundisha kununua hili.

Gari langu la kwanza la spoti lilikuwa la miaka ya themanini, milango miwili, jekundu, na lilikuwa limetembea kilomita 61,000 tu. Lilikuwa limelala bandani miaka tisa, limefunikwa shuka safi. Jina la kampuni iliyolitengeneza naliacha, kwa sababu kampuni haikunikosea chochote, nilijikosea mwenyewe. Niliona zile kilomita kwenye dashibodi nikadhani nimeokota dhahabu. Nilipoanza kwenda nalo kazini, wiki ya pili mpira wa mafuta ukapasuka. Wiki ya tatu breki za nyuma zikaganda. Ya tano, oili ikaanza kudondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Tairi zilikuwa na meno marefu kama mpya, hadi fundi aliponionyesha tarakimu nne zilizopigwa chapa ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi zilikuwa na miaka kumi na moja. Lilikuwa kama yule mgonjwa anayelazwa kwa ajili ya kidole, akipimwa anakutwa na moyo, figo na sukari.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Zamu ya asubuhi inaanza saa moja kamili, na mara mbili tatu kwa mwezi simu inalia saa nane za usiku. Siwezi kumwambia daktari wa usingizi anisubiri kidogo, gari limegoma kuwaka. Kwa hiyo nikisema gari la kila siku sina maana ya gari la Jumapili linalotolewa pia Jumatano. Nasema gari ambalo ufunguo ukizungushwa linawaka, mvua ikinyesha linakwenda, na fundi yeyote mwenye akili zake analijua.

Lile jekundu nililiuza kwa mtu mwenye muda na gereji yake mwenyewe, akalifurahia. Mimi nilitoka na imani moja ambayo nimeishikilia hadi leo: gari la zamani la kuendesha kila siku linunue kwa mtu anayeliendesha kila siku. Kilomita chache zisikuroge. Mpira wa sili ukikaa mkavu unasinyaa, mafuta ya breki yanafyonza unyevu, petroli inachacha kwenye tangi, na kutu haingoji gari litembee.

Nilitafuta karibu mwaka mzima. Niliyoyaendesha mawili matatu yanastahili kutajwa, kwa sababu wengi wanaoniuliza wako njia panda ile ile niliyokuwa mimi.

La kwanza lilikuwa MGB. Hili lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari nusu milioni, na kwa upande wa spea sijaona gari la umri huo lenye neema kama yake. Hata bodi nzima mpya ya chuma bado inatengenezwa. Ukifungua boneti unaona kila kitu, mkono unafika kila mahali, hakuna siri. Nililipenda mno. Lakini kabureta zake mbili zinataka kusetiwa, pointi za kuwasha moto zinakwisha na kutaka kurekebishwa, na miguu ya mbele ina nipo za grisi (vitundu vya kuingizia grisi) ambazo kiwanda kilitaka zijazwe kila baada ya maili 3,000, yaani chini kidogo ya kilomita 5,000. Kwa mwendo wangu hiyo ni kulala chini ya gari mara tatu kwa mwaka kwa ajili ya grisi peke yake. Kuna watu ambao kwao hiyo ndiyo raha yenyewe, nawaheshimu. Mimi Jumamosi nalala kitandani.

La pili, Porsche 944, ya 1982 hadi 1991. Hili nililipenda kuliko ninavyokiri mbele za watu. Chuma chake kilipakwa zinki tangu kiwandani kwa hiyo kutu hailisumbui kama wenzake wa rika lake, kioo cha nyuma kinafunguka juu na nyuma yake pana nafasi ya kweli ya mizigo, na kwa kuwa injini iko mbele na giaboksi nyuma, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu; kwenye kona linatulia kama limemwagiwa zege. Kinachotakiwa ni karatasi. Injini yake ni ya aina ambayo mkanda wa taiming, ule unaopanga vali zifuate mwendo wa pistoni, ukikatika, pistoni zinagonga vali na vali zinapinda, basi hapo unajenga injini upya. Na kubadilisha klachi kunadai kushusha bomba la moshi na giaboksi, kisha kurudisha nyuma lile bomba refu linalopitisha shafti, kabla hujaiona klachi yenyewe. Mwenye gari nililoliona alikuwa muungwana, akaniambia ukweli: mkanda ulibadilishwa, hakumbuki lini. Nikamshukuru nikaondoka. Angekuwa na risiti, huenda leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Toyota MR2 ile ya kwanza, ya 1984, yenye injini nyuma ya mgongo wako, ni tamu ajabu kwenye kona, ila ukiukagua upinde wa tairi za nyuma ndipo utakapokuta kutu. Pia rejeta iko mbele na injini nyuma, maji yanasafiri urefu wa gari zima. Fundi asiyejua kutoa hewa kwenye mabomba yale atakuunguzia gasketi. Porsche 911 za kupozwa kwa hewa sikuzigusa. Ni imara, na wapo wanaoziendesha kila siku, ila thamani yake sasa imefika mahali ambapo kuiacha kwenye maegesho ya hospitali kungenifanya nichungulie dirishani katikati ya upasuaji.

Sasa MX-5.

Mazda waliionyesha kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989. Wazo lilikuwa kuchukua vile vigari vya Kiingereza vya viti viwili, Lotus Elan ya miaka ya sitini hasa, na kuvijenga upya kwa namna ambayo havivuji oili na vinawaka asubuhi. Walifaulu kiasi kwamba Aprili 2016 waliunda la milioni moja, na hakuna gari la spoti la viti viwili na paa la kukunja lililouzwa kwa wingi kulishinda. Nataja hilo kwa sababu moja tu: wingi ndio spea. Gari adimu linapendeza pichani. Siku taa ya nyuma ikivunjika ndipo utakapojua adimu maana yake nini.

Injini ya lile langu ni lita 1.6, silinda nne, yenye ukoo na injini zilizofungwa kwenye Mazda za kawaida za familia. Haina kabureta, inapuliziwa mafuta. Haina pointi wala distribyuta, kile kifaa cha kugawa moto kwa plagi. Na jambo lililonifanya nipumue: kwenye injini hizi za mwanzo mkanda wa taiming ukikatika, gari linazima tu. Pistoni na vali hazikutani. Unavutwa hadi gereji, unafungiwa mkanda mwingine, unakwenda zako. Niliposoma hilo nilirudia mara mbili.

Nililolipata lilikuwa na kilomita 214,000. Marafiki walicheka. Muuzaji alikuwa mzee mstaafu aliyekuwa akiliendesha tangu likiwa na miaka minne, karibu kila siku, na alikuwa na daftari. Hilo daftari ndilo nililolinunua, gari lilikuja kama nyongeza. Kila oili, kila plagi, kila tairi, kwa kalamu ya bluu, na tarehe na kilomita pembeni. Ukurasa mmoja ulisema: "Sauti nyuma kushoto, barabara mbovu." Mstari uliofuata: "Bado sauti." Halafu: "Nimebadilisha bushi. Bado sauti." Na wiki tatu baadaye, kwa herufi kubwa: "ILIKUWA JEKI."

Nilikuwa nimemwomba kwenye simu asiliwashe kabla sijafika. Nilipofika kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti, kama ninavyoweka kwenye paji la uso la mtoto. Baridi kabisa. Akacheka.

"Unadhani nitakudanganya, binti yangu?"

"Hapana, mzee. Ni mazoea ya kazi."

Ubaridi una maana. Injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kuja inaficha mengi: moshi wa bluu wa sekunde za kwanza, stata inayosuasua, betri iliyochoka. Na kwenye injini hii kuna jambo jingine la kusikiliza. Aliwasha, ikashika mara moja, halafu tapeti, vile vikombe vidogo vinavyosukuma vali, zikaanza kugonga, tik tik tik, kama cherehani kuukuu. Usikimbie. Tapeti zake hujazwa oili, na zikikaa usiku kucha oili inashuka. Nilisimama na saa mkononi. Baada ya kama nusu dakika mlio ukapungua, ukafifia, ukaisha. Ungeendelea hata injini ilipopata moto ningeanza kuuliza habari za oili, ya namna gani na ilibadilishwa lini.

Kisha nikapiga magoti. Hapa ndipo gari hili linaponunuliwa au kuachwa. Gari lisilo na paa la chuma linabebwa na vizingiti, yale maboksi ya chuma yanayopita chini ya milango. Vikioza, gari limekwisha, hata likiwa na rangi ya kujitazama. Nilikuwa na sumaku ndogo niliyoitia ndani ya soksi ili isikwaruze rangi. Nikaiburuta taratibu kutoka tairi ya mbele kwenda ya nyuma. Penye chuma inang'ang'ania. Penye pati chini ya rangi inateleza tu. Sehemu mbaya ni zile sentimita thelathini za mwisho, mbele ya tairi ya nyuma. Upande wa kushoto iling'ang'ania hadi mwisho. Kulia, karibu na mwisho, ikateleza sehemu ya ukubwa wa kiganja.

Mzee hakusubiri niulize. Akafungua daftari, akanionyesha: pale palikatwa pakachomelewa bati jipya, na kulikuwa na picha nne za kazi ikiwa wazi kabla ya kupakwa. Picha za kutu iliyokatwa zilinipa imani kuliko gari lisilo na historia yoyote ya kutu.

Kwa nini kutu iwe pale hasa? Maji ya mvua yakishuka kwenye paa la turubai yanakusanywa na mfereji nyuma ya viti, yanashuka kwa mirija miwili, yanatokea chini mbele ya tairi za nyuma. Mirija ikizibwa na majani na vumbi, maji yanatafuta njia nyingine na kuishia kwenye kizingiti. Basi ukienda kukagua moja ya haya, ingiza vidole chini ya zulia nyuma ya viti. Likiwa na unyevu, muulize mwenye gari kwa upole mirija ilisafishwa lini, na utazame kama anajua unazungumzia nini.

Mimi mwenyewe niliyajua yote haya, na bado msimu wa mvua wa kwanza nilijisahau. Asubuhi moja nilikanyaga zulia likalia chwa. Hiyo ni juu yangu. Siku hizi kila mwezi napitisha waya laini wa plastiki kwenye mirija ile, kazi ya dakika nne, halafu namimina kikombe cha maji kila upande na kuinama kuona kama yametoka chini.

Kwa wanaotazama zile za mwanzo kabisa, 1989 hadi takriban katikati ya 1991, kuna jambo moja zaidi. Krankshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, za injini za mwanzo zilikuwa na pua fupi, ile sehemu ya mbele inayoshika puli, na ufunguo wake, kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia puli mahali pake, unaweza kulegea na kula njia yake. Tazama puli ya krankshafti kwa tochi: nafasi nne zinaashiria pua fupi, nane ni ile ndefu iliyoimarishwa. Haina maana kwamba kila yenye nafasi nne ni mbovu. Ina maana fundi akiifungua afunge kwa uangalifu na kwa kipimo sahihi. Langu ni la 1992, nane, nikaacha kuwaza.

Mengine niliyotazama haraka: silinda ya chini ya klachi, ambayo kwenye magari haya huvuja uzeeni (ya mzee ilikuwa imebadilishwa, iko daftarini), oili nyuma ya injini, kwenye oringi ndogo ya sensa iliyo mwisho wa kamshafti (shafti inayofungua vali), na taa za kuinuka, kama zote mbili zinaamka na kulala pamoja. Mota ya taa ikifa, kuna kizungushio cha mkono kwenye mota yenyewe cha kuziinua. Nimekifanyia mazoezi gizani, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Sasa ni miaka minne na kilomita 271,000. Mwezi wa kwanza nilibadilisha mkanda wa taiming na pampu ya maji kwa pamoja, maana mkanda ukishafunguliwa pampu iko hapo hapo inakutazama. Nilibadilisha mipira yote ya petroli, kwa kuwa petroli za siku hizi zenye ethanoli zinaila mipira ya zamani kutoka ndani. Nikafunga tairi mpya nne, 185/60 za inchi kumi na nne. Baada ya hapo ni oili, plagi, pedi za breki, na betri moja. Betri yake iko ndani ya buti, na ina kijirija cha kutoa gesi nje ya gari. Anayekufungia betri ya kawaida bila kijirija hicho anakufungia harufu ya asidi na kutu pamoja na mizigo yako. Mwulize kabla hajafunga.

Kuishi nalo kukoje? Asubuhi ninapotoka kumekucha kidogo, barabara iko wazi, na gia ile fupi inaingia kwa kifundo cha mkono tu, klak, kama kufunga kisanduku kilichotengenezwa vizuri. Gari halifiki tani moja. Nguvu zake, farasi 115 tu, hazitamtisha mtu, dizeli yoyote mpya itakuacha taa zikiruhusu. Sijali. Raha yake iko kwenye kilomita hamsini kwa saa, mahali ambapo magari makubwa yenye nguvu yanasinzia. Unahisi kila jiwe kwa usukani. Baada ya saa sita za kusimama mezani nikihesabu mikasi na pamba, dakika ishirini za kona za kurudi nyumbani ndizo zinazonirudisha kuwa mtu.

Foleni inavumilika, klachi yake nyepesi. Joto la kuwashwa na kuzimwa mara kumi kwa siku halijaisumbua rejeta, ambayo pia nilibadilisha mapema kwa kuwa matangi yake ya plastiki yalikuwa yamegeuka rangi ya hudhurungi, na hiyo ni plastiki inayoaga.

Yasiyopendeza yapo, na nisiyaseme kwa kunong'ona. Kelele: ukiwa na turubai juu, mwendo wa barabara kuu, simu haisikiki. Buti linabeba begi moja la safari na roho yako. Kioo cha nyuma ni cha plastiki. Ukishusha paa bila kukifungua zipu kwanza kinakunjika, kinapata kovu, mwaka wa pili huoni nyuma. Turubai unaweza kulikata kwa kisu cha kumenyea matunda, kwa hiyo siachi kitu ndani, wala sifungi milango kwa ufunguo. Bora mwizi afungue mlango aone hakuna kitu kuliko anipasulie paa.

Na usalama. Langu halina mfuko wa hewa hata mmoja, halina ABS ya kuzuia tairi kuganda ukikanyaga breki, na nikisimama kando ya lori macho yangu yako sawa na nati za tairi zake. Mimi napokea waliogongwa, sihitaji kuelezwa. Naendesha nikijichukulia kwamba hakuna anayeniona, taa zimewashwa mchana, na siku za mvua kali naacha nafasi mbele ambayo watu wanaiona kama mwaliko. Mwenye mtoto wa kumpeleka shule, hata asianze kulitazama: viti ni viwili, na nyuma ya viti pana mfereji wa maji tuliokwisha kuuzungumzia.

Mwenzangu wa zamu, mrefu kunipita kichwa na shingo, amelitamani tangu mwaka jana. Wiki iliyopita nilimpa ufunguo akae tu, asiliwashe. Aliingia, magoti yakashika usukani, nywele zikagusa turubai, akakaa kimya muda, kisha akauliza kama MX-5 ya pili, ile ya 1998 yenye kioo halisi nyuma, ina nafasi zaidi. Nikamwambia haina, si ya miguu. Sasa anatafuta 944. Nimempa namba ya yule muungwana, na nimemwambia swali la kwanza ni risiti ya mkanda.